Darubini ya laki mbili na themanini: sanduku linasema 525, mimi nasema 70

Bei kwanza, maana najua ndiyo mnayoitafuta. Nilianza kwa kutajiwa laki tatu na nusu, nikaondoka nayo kwa 280,000, Kariakoo, kwenye duka linalouza pia mizani, tochi na kamera za ulinzi. Chapa yake haina maana yoyote, kesho utaikuta sokoni kwa jina jingine. Kwenye sanduku kuna picha ya Zohali yenye pete za dhahabu, mtoto anachekelea, na maandishi mekundu makubwa: 525X. Ndani kuna bomba jeupe lenye lenzi ya mbele ya milimita 70 na umbali wa fokasi (kutoka lenzi mpaka pale nuru inapokutana) wa milimita 700, lenzi tatu za jicho (ya 25, ya 10 na ya 4), lenzi ya Barlow ya kuzidisha mara 3, kioo cha kona, kidarubini cha kulengea, stendi ya miguu mitatu, kishikio cha simu, na karatasi ya maelekezo ya Kiingereza na Kichina.

Mimi kazi yangu ni kukata lenzi za miwani. Kitu chochote chenye kioo kikipita mbele yangu lazima nikipime, hata kama ni cha mtu. Kwa hiyo hapa hamtasikia "picha kali sana" na nyota tano. Mtasikia namba.

Sisi mafundi miwani milimita za fokasi hatuzitaji mbele ya mteja, tunataja plasi na mainasi. Chukua 1000, gawa kwa umbali wa fokasi, unapata namba ya lenzi. Lenzi ya mbele ya darubini hii, 1000 kwa 700, ni plasi 1.43. Kajambo kadogo tu: ni kiwango kile kile cha miwani ya kusomea anayoanza nayo mtu akishapita miaka arobaini. Lenzi ya jicho ya 25 ni plasi 40, ya 10 ni plasi 100 kamili. Sasa gawa namba ya nyuma kwa namba ya mbele. Arobaini kwa 1.43 ni mara 28. Mia kwa 1.43 ni mara 70. Huo ndio ukuzaji, na hakuna kingine kilichofichwa ndani ya bomba. Wateja wangu wa plasi 1.50 wanatembea na nusu ya darubini usoni, wamekosa tu kipande cha nyuma.

Hiyo 525 wameipata hivi: lenzi ya jicho ya 4 inakupa mara 175, wakaizidisha kwa Barlow ya mara 3. Hesabu iko sahihi, mtoto wa darasa la tano anaifanya. Tatizo ni mwanga. Nuru inayotoka nyuma ya darubini kuingia jichoni ina upana wake, nao ni upana wa lenzi ya mbele kugawa kwa ukuzaji. Ukiwa kwenye mara 28 ni milimita 2.5. Kwenye mara 70 ni milimita 1. Kwenye 525 ni milimita 0.13, na mboni ya kijana gizani hufunguka hadi milimita 6 au 7. Unachokiona ni giza lenye kitu kinachotetemeka ndani yake. Wazoefu wana kanuni yao: ukuzaji usizidi mara mbili ya upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Kwa hii, mwisho ni 140, tena usiku hewa ikiwa imetulia kabisa. Barlow nimeirudisha kwenye sanduku na humo ndimo iliko mpaka leo. Lenzi ya 4 nayo kioo chake ni cha hovyo, tundu la kuchungulia ni dogo kiasi kwamba kope zinafagia kioo kila ukipepesa.

Ila milimita 70 ni za kweli, na hili nimelihakikisha mwenyewe, kwa sababu kuna darubini za bei hii zinazoficha pete ya plastiki nyuma ya lenzi ya mbele ili kuziba kingo mbaya za kioo. Unanunua 70, unatumia 50. Kulipima ni rahisi. Mchana, elekeza bomba kwenye anga jeupe mbali na jua, weka lenzi ya 25, kisha rudi nyuma hatua moja utazame kwenye lenzi ya jicho. Utaona kiduara cha mwanga kinaelea pale. Nilikiwekea rula yangu ndogo, ile tunayopimia nafasi ya mboni za mteja, kikasoma milimita mbili na nusu. Mara 28, hiyo ni 70. Muuzaji wa sanduku ana uongo mmoja, si miwili.

Nikaipiga pia tochi ya simu kwa mbele na kuhesabu viakisi. Lenzi moja tupu ina nyuso mbili, itakuonyesha vitaa viwili. Hii ilionyesha vinne, maana yake ni vioo viwili vya aina tofauti vilivyobebana ili kurudisha pamoja rangi ambazo kioo kimoja huzitawanya. Havirudishi zote. Ukitazama ukingo wa Mwezi mpevu utaona uzi wa zambarau, na Zuhura ndiyo kabisa, imevaa rangi. Kwa bei hii nakubali. Nimeona fremu za laki nne zikiuzwa na lenzi mbovu kuliko hii.

Stendi sasa. Stendi ni aibu. Ni vile vimiguu vya aluminiamu vya kamera ndogo, vinatingishika ukizungusha nobu ya fokasi, na ukiishagusa inabidi usubiri Mwezi uache kucheza. Nimefunga mfuko wa mchanga wa kilo tatu hivi katikati ya miguu, imetulia nusu.

Halafu kuna jambo ambalo aliyeichora hakulifikiria, kwa sababu yeye hakai huku. Ulaya sayari hupita chini chini upande wa kusini, bomba linakaa mshazari, mtu anachungulia akiwa amekaa kitini. Dar es Salaam tuko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, na vitu vinapita utosini. Mwishoni mwa mwaka 2025 Zohali ilikuwa inapanda mpaka kubakiza nyuzi chache tu iwe wima kabisa juu ya paa. Kulielekeza bomba huko lazima nyuma yake igonge miguu ya stendi, na wewe upige magoti sakafuni ukiwa umepinda shingo. Nikaja kuamua Zohali naitazama mapema, ikiwa bado inapanda mashariki, basi. Karatasi ya maelekezo nayo inakuambia uanze kwa kuitafuta Nyota ya Kaskazini. Kutoka Dar nyota hiyo iko chini ya upeo mwaka mzima. Na mchoro wao wa hilali umesimama wima, wakati hilali ya huku imelala chali. Binti yangu wa darasa la sita ndiye aliyeligundua hilo, akauliza nani amekosea, karatasi au Mwezi. Hakuna aliyekosea, wao wanautazama wakiwa wamesimama upande mwingine wa duara.

Tuje kwenye kuona, maana ndicho kilichokufanya usome mpaka hapa.

Mwezi peke yake unarudisha pesa. Usiutazame ukiwa mpevu, jua linaupiga usoni, kila kitu kinakuwa bapa na macho yanauma. Utazame ukiwa nusu, pale mpaka wa nuru na giza unapopita, vivuli ni virefu na kila shimo lina ukuta. Kasoko ya Copernicus ina upana wa kilomita 93, na kwa lenzi ya 10 unaona ngazi za kingo zake na vilima vya katikati.

Ni kwa sababu ya Mwezi ndipo mjumbe alipokuja. Ninaitumia juu ya paa la zege, na mtaa wetu umebanana.

"Fundi, watu wananiletea maneno. Wanasema kuna mtu huku juu anachungulia madirisha."

"Shikamoo mjumbe. Karibu, chungulia mwenyewe."

Akavua kofia, akainama. Akakaa kimya muda mrefu kuliko nilivyotegemea. Halafu, bila kuinua kichwa: "Bendera ya Wamarekani iko upande gani?"

Swali hili ameniuliza kila mtu aliyepanda paa lile, kwa hiyo hesabu nimeshaiweka tayari. Nyuzi moja ukiigawa mara 3,600 unapata sekunde ya pembe. Lenzi ya milimita 70, hata ingekuwa ya almasi, haiwezi kutenganisha vitu vilivyokaribiana chini ya sekunde 1.7 hivi, kwa sababu mwanga wenyewe ni mawimbi na hutawanyika ukipita kwenye tundu. Mwezi uko wastani wa kilomita 384,400. Kwa umbali huo, sekunde 1.7 ni kama kilomita 3. Kitu chochote kidogo kuliko hapo ni nukta, au si chochote. Bendera ya mwaka 1969 ilikuwa na upana wa mita moja na nusu. Ili uione kama kitu chenye upana, lenzi yako inatakiwa iwe na kipenyo cha mita 144 hivi. Kiwanja cha kuchezea pale kwa Mkapa hakifiki urefu huo.

"Kwa hiyo hapa hakuna ushahidi," mjumbe akasema.

"Hapa hapana, mzee. Kuna chombo cha Wamarekani kinazunguka Mwezi tangu 2009, hicho kimepiga picha vyombo walivyoviacha mpaka njia walizokanyaga. Na safari tatu, Apollo 11, 14 na 15, ziliacha vioo vya kurudisha mwanga. Wataalamu wanapiga mwali wa leza kutoka duniani, unarudi baada ya sekunde mbili na nusu."

"Wataalamu wa Marekani."

"Na Wafaransa."

Akakubali kwa shingo upande, akavaa kofia, akataka aone tena. Malalamiko ya madirisha hayajarudi.

Mshtarii ndiyo sayari ya kununulia darubini hii. Januari 2026 ilikuwa inachomoza mashariki jua linapozama upande wa pili, saa moja jioni, na usiku ukikua inapanda upande wa kaskazini (karatasi inasema kusini, achana nayo). Kwa mara 70 ni kiduara chenye mistari miwili ya rangi ya chai, na kando yake nukta zilizopangwa mstari mmoja. Hizo nukta ni miezi yake minne mikubwa, ile Galileo aliyoiona Januari 1610: Io, Europa, Ganymede na Callisto. Kijana ninayemfundisha kazi alianza kuzichora nyuma ya karatasi za risiti, duara katikati na vitone pembeni, akiandika saa. Jumatatu vitatu kushoto, kimoja kulia. Kesho yake vimebaki vitatu, kimoja kimejificha nyuma ya sayari. Alipozipanga risiti mezani akaanza kusema ni kipi cha ndani na ni kipi cha nje, kwa sababu vingine vinakimbia na vingine vinajikokota. Io inazunguka kwa takriban siku 1.77, Europa 3.55, Ganymede 7.15. Zigawe: Ganymede ikimaliza mzunguko mmoja, Europa imemaliza miwili na Io minne, karibu kabisa. Zinavutana kwa mpangilio huo wenyewe, hakuna aliyezipigia mstari. Na ni Io hiyo hiyo iliyomwezesha Mdenmark Ole Rømer, mwaka 1676, kutambua kwamba mwanga unatumia muda kusafiri, kwa sababu kujificha kwake kulikuwa kunachelewa Dunia ikiwa mbali. Nuru tuliyoiona sisi ilikuwa imetoka Mshtarii dakika 35 kabla.

Zohali, nisiwadanganye, ilitusikitisha. Wakati tunainunua darubini, pete zilikuwa karibu zimetuelekezea ukingo, jambo linalotokea kila baada ya miaka kama 15. Pete zile zina upana wa kilomita zaidi ya 270,000 kutoka ncha hadi ncha, lakini unene wake sehemu kubwa ni makumi ya mita tu, kwa hiyo zikigeuka ubavu zinapotea. Galileo zilimpotea vivyo hivyo mwaka 1612 akabaki anashangaa. Binti yangu alitazama, akatazama picha ya sanduku, akasema, "Baba, hiki ni kipira kimechomwa sindano." Ndivyo. Kosa si la darubini, na pete zitaendelea kufunguka mwaka hadi mwaka mpaka mwanzoni mwa miaka ya 2030. Ila muuzaji angepaswa kusema. Najua, muuzaji hajui.

Nyota ni nyota tu, zitabaki nukta hata kwa darubini ya bilioni. Jaribu Alfa ya Kentauri, ile angavu karibu na Msalaba wa Kusini, nzuri kipindi cha masika mawingu yakiruhusu: kwa lenzi ya 10 inapasuka kuwa mbili. Ni majirani zetu, miaka ya nuru 4.4. Kijana akaniuliza roketi ingefika lini. Voyager 1, iliyorushwa 1977, inakwenda kilomita 17 hivi kwa sekunde. Kwa mwendo huo ni miaka zaidi ya 70,000. Akaniuliza tena kama mafuta yatatosha. Nikamwambia injini haiwaki kusukuma, inateleza tu, huko hakuna cha kuisimamisha. Hilo lilimsumbua kuliko miaka.

Kituo cha Anga cha Kimataifa msijisumbue nacho kwa darubini. Kiko juu kilomita 400 hivi na kinakata kilomita karibu 7.7 kila sekunde, Dar mpaka Morogoro ni sekunde 25. Bomba haliwezi kukifuata. Kitazame kwa macho, kinapita kama taa isiyopepesa, jua likiwa limezama si muda mrefu. Kilituletea mjadala mzuri zaidi ya vyote, kwamba wale watu wanaelea kwa sababu "huko hakuna mvutano". Upo, tena karibu asilimia 89 ya huu unaotushika hapa. Wanaelea kwa sababu wao na chombo chao wanaanguka pamoja muda wote, ila wanakwenda upande kwa kasi kiasi kwamba Dunia inapinda kabla hawajaifikia. Mteja mmoja wa Malindi aliyekuja kubadilisha lenzi aliingilia kati na habari za kwao: Waitaliano walikuwa na jukwaa baharini pale Ngomeni, na tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya, ilirushwa kutoka hapo setilaiti ya Uhuru, ya kwanza duniani kutengenezwa kwa ajili ya kupima mionzi ya eksirei kutoka angani. Walipapenda kwa sababu karibu na ikweta Dunia yenyewe inazunguka kwa karibu kilomita 1,670 kwa saa, roketi inaondoka na msukumo wa bure.

Sasa hatari, na hapa sina utani. Ndani ya sanduku kuna kikioo cheusi kilichoandikwa SUN, cha kufungwa kwenye lenzi ya jicho. Kitupe. Kinakaa pale pale ambapo lenzi ya mbele inakusanya joto lote la jua, kikipasuka jicho lako liko nyuma yake, na ninaowaona kazini kwangu wenye kovu la jua kwenye retina sina lenzi ya kuwatengenezea. Ukitaka madoa ya jua, fungua kile kitundu kidogo tu cha kifuniko cha mbele, funika kidarubini cha kulengea, elekeza kwa kutazama kivuli cha bomba, na uache taswira idondoke kwenye karatasi nyeupe. Mtoto asiachwe peke yake nayo hata dakika moja.

Unyevu wa pwani utaiua kabla ya kitu kingine. Kuvu huota kwenye kioo kama inavyoota kwenye kamera. Mimi naihifadhi kwenye ndoo ya plastiki yenye kifuniko pamoja na vile vipakiti vya kukausha vinavyokuja na viatu, navianika mara kwa mara. Usifute lenzi kwa kanga wala ncha ya shati. Pumulizia vumbi kwanza, halafu kitambaa laini cha miwani, bila kukandamiza.

Kishikio cha simu ni kizito kuliko uwezo wa stendi, bomba linainama lenyewe. Shika simu kwa mkono juu ya lenzi ya 25, piga nyingi, moja itatoka.

Kama una laki moja na nusu tu, nunua darubini ya macho mawili ya 10x50, utaona kasoko za Mwezi, Kilimia na hata miezi ya Mshtarii ukiegemea ukuta. Kama una 280,000 na una watoto wanaouliza, chukua hii, lakini usilipe kabla ya kufanya mambo mawili palepale dukani: tochi ya simu kwenye lenzi ya mbele, hesabu vitaa vinne, kisha kile kiduara cha mwanga na rula. Muuzaji atakutazama vibaya. Mwache. Barlow, lenzi ya 4 na kikioo cha jua mwambie abaki navyo akupunguzie, na uanze na laki mbili na ishirini.